Nilimwambia Shangazi Pampu Imeharibika

Nimekosa, ndugu zangu, na wa kumwomba radhi hayupo tena. Sitaji jina langu kwa sababu kanisani kwetu bado wananiita mtu mwema. Mimi!

Enzi za mashamba ya ngano ya serikali, pale Hanang, nilikuwa mtunza nyumba moja ya wataalamu. Ilikuwa na bustani ya maua na bwawa la kuogelea. Wataalamu wakienda likizo, meneja aliikodisha kwa watu wa mjini waliotaka kupumzika.

Kiangazi kimoja ilikodiwa na familia kutoka Arusha, wiki nzima. Bwawa lilikuwa nusu. Bomba lililolijaza ndilo lililopeleka maji kwenye birika la kunyweshea ng'ombe wa kijiji, nje ya uzio. Nikafunga koki ya birika. Hakuna aliyenituma! Nilitaka tu wageni wanisifu kwa meneja.

Kesho yake akaja shangazi yangu, aliyenilea tangu mama afariki, akiswaga ng'ombe wake mmoja mwenye mimba. Nasema wake, lakini alikabidhiwa na jirani, kama tunavyofanya kwetu: maziwa ni ya anayefuga, ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona birika kavu?"

"Pampu imeharibika. Njoo kesho, itakuwa tayari."

Na nyuma ya ua maji yalikuwa yanamwagika bwawani! Aliniamini.

Laiti ningemwambia ukweli! Angempeleka ng'ombe mtoni, kama walivyofanya wengine. Ni mbali, ila maji yapo. Badala yake alirudi kesho yake, na kesho kutwa yake, akimgawia ng'ombe maji yake ya kupikia, na mimi kila siku "kesho, shangazi." Jumapili alisimama kanisani akaomba waumini waiombee ile pampu, na mimi kijana wake ninayehangaika nayo. Nikaitikia amina. Tena kwa sauti!

Siku iliyofuata ng'ombe akalala njiani, asiinuke tena. Jioni mgeni mmoja, mama mpole kabisa, akaniambia huku akijifuta kwa taulo, "Kumbe huku kwenu maji ni mengi hivi!" Nikacheka naye.

Shangazi alijitwika ngozi akampelekea mwenye ng'ombe, ndivyo inavyotakiwa, aone kwamba hakumuuza. Mwenyewe aliipokea. Lakini tangu hapo hakuna aliyemkabidhi ng'ombe tena. Mtu aliyenikuza kwa maziwa, akanywa chai ya rangi mpaka anakufa!

Wageni walipoondoka nilifungua koki. Shangazi akanishukuru, "Mungu akubariki mwanangu, umehangaika sana."

Miaka ikapita. Alipougua nilikwenda nikiwa nimeamua kusema yote. Nilipofika mlangoni nikamkuta anawasimulia majirani jinsi nilivyoitengeneza pampu ya shamba zima. Nikakaa, nikanyamaza. Ole wangu!

Wewe unayeshika koki ya maji ya watu, nisikilize. Ukiwa huna cha kumpa mtu, au umeamua kumnyima, mwambie hakuna, aende kwingine. Usimwambie njoo kesho.