Mzee Mwiko na Baga za Wakwe

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kazini, mtaani, hata msibani aliitwa Mzee Mwiko, na sababu zilikuwa mbili. Kwanza, maisha yake yote ya kazi alikuwa mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha nguo, na mwiko wake hakumwazima mtu. Pili, jikoni kwake karibu kila kitu kilikuwa mwiko: mwiko kutia chumvi kabla ya kuonja, mwiko kupiga soga juu ya sufuria iliyo wazi, mwiko mtu yeyote kusema chakula kimeiva kabla yeye hajasema. Vijana wa kantini walimnung'unikia asubuhi nzima. Adhuhuri ikifika, kiwanda kizima kilipanga foleni kimya, kwa kuwa mkono wake ulikuwa na baraka.

Alipostaafu alikuwa tayari mgane, mwenye nyumba ya vyumba viwili na sebule, na mabinti wawili walioolewa. Mume wa binti mkubwa alikuwa msimamizi wa zamu katika mgahawa wa baga wenye bango jekundu. Mume wa binti mdogo alikaanga chipsi katika mgahawa wa bango la kijani. Migahawa hiyo ilikuwa na matawi mji mzima, lakini matawi ya hawa wawili yalitazamana barabara moja, kama wake wenza waliopangiwa vyumba mlango kwa mlango. Wanyumba hao, waume wa ndugu wawili, walipatana vizuri. Waliuguziana wagonjwa na kuzikiana wazazi. Ila likitajwa neno baga, undugu uliwekwa pembeni.

Kila Jumapili mchana wote walikuja kwa mzee, kila mkwe na mfuko wake wa karatasi, baga na chipsi ndani. Mzee alionja, akatoa hukumu, na mshindi alitembea kifua mbele wiki nzima. Mabinti walikula kilichobaki wakacheka.

Msimu wa mvua mzee akapatwa na mafua makali. Alilala, akatoka jasho, akapona. Lakini mafua yalipoondoka hayakuondoka peke yake, yalibeba na pua yake. Chai ikawa maji ya moto. Kitunguu na sabuni vikawa ndugu wa tumbo moja. Aliuma limau akitarajia meno yashtuke, akaona ni kama ametafuna kipande cha godoro.

Hakumwambia mtu. Mpishi asiyeonja, alijisemea, ni kama muadhini bubu: ataachwa apande mnara kwa huruma tu. Na Jumapili ilikuwa inakuja.

Ilipofika, alikaa kwenye kiti chake, akachukua chipsi moja ya bango jekundu, akaisogeza sikioni na kuivunja. Wakwe wakatazamana. Mzee akatikisa kichwa.

"Chipsi njema ukiivunja huitika," alisema. "Hii imenyamaza kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja kikombe."

Kisha akaishika baga ya bango la kijani, akaipima uzito kiganjani, akabonyeza mkate kwa kidole gumba aone kama utarudi juu. Haukurudi. Akasema mkate ule hauna subira: sosi haijafika mezani, wenyewe umeshalia na kulowa. Aliuma tonge dogo kwa ajili ya heshima, akafumba macho, akatafuna hewa.

Kumbe kuna kweli nyingi mtu huweza kuzisema juu ya chakula bila kukionja. Msimamizi alirudi kazini akaamuru chipsi zichujwe mafuta vizuri kabla ya kufungwa. Mkaangaji naye aliwashawishi wenzake waupashe mkate kwenye bamba la moto kwanza. Wateja wakaona tofauti, wakaongezeka pande zote mbili, na sifa za Mzee Mwiko zikavuka mtaa. Kinyozi wa jirani alitaka aende akaonje vyakula vya harusi ya mwanawe. Mzee akasingizia tumbo. Alikuwa amepanda mti ambao hakujua pa kushukia.

Binti mdogo ndiye aliyeanza kushuku. Siku moja alimkuta baba yake anakunywa maziwa yaliyochacha mpaka yakakatika mabonge, uso mkavu kabisa. Alipomuuliza kama ni mazima, mzee alijibu kwamba maziwa ya siku hizi ndivyo yalivyo. Binti akaliweka moyoni.

Jumapili iliyofuata mkaangaji alikuja na baga mpya. Hakuwa na nia mbaya. Kwao walikuwa wanaijaribu kabla ya kuiuza, naye alitaka kumshangaza baba mkwe, kwa hiyo aliiweka mezani bila kusema neno. Mzee aliipima, akaibonyeza, mkate ukarudi. Akauma, akafumba macho, akatafuna taratibu huku mikono imetulia tumboni.

"Nyama hii," alisema, "ng'ombe wake hakuwa na mawazo. Alikula majani laini, akalala kivulini. Mkwe wangu, leo mmewafunga."

Msimamizi aliinamisha kichwa kwa uchungu. Lakini aliyetangazwa mshindi hakufurahi. Alikuwa anaitazama sahani kama mtu aliyeona nyoka ndani ya kiatu. Kumuumbua baba mkwe si jambo dogo, akakohoa, akanywa maji, akakohoa tena, mpaka mkewe akamuuliza ana nini.

"Baba, unisamehe," alisema. "Hiyo ni maharage."

Mzee akafikiri kidogo. "Ng'ombe alilishwa maharage?"

"Hapana, baba. Hakuna ng'ombe. Yamepondwa maharage, yakakaangwa."

Mzee aliitazama baga, akaiweka chini kwa adabu, akasema ukweli wote: tangu mvua haonji, hanusi, na hukumu zake zote zilitoka masikioni na vidoleni.

Binti mkubwa alikuwa wa kwanza kukasirika, na hasira yake haikuwa ya uongo ule. Alitaka kujua baba yake alikuwa anapikaje peke yake bila pua. Mtungi wa gesi ukivuja je? Mzee hakuwa amelifikiria hilo, na ilionekana usoni kwamba analifikiria sasa. Wakati huo huo msimamizi alikuwa anaomba kwa upole kwamba ushindi wote wa bango la kijani tangu mvua ufutwe. Mkaangaji akasema basi na wa bango jekundu ufutwe vilevile. Binti mdogo akawaambia kwamba baba ni mgonjwa na wao wanahesabu magoli, na kama wana nguvu nyingi hivyo, vyombo viko jikoni. Wakaenda kuosha.

Mabinti wakampeleka kwa daktari wa pua na masikio. Akawaeleza kwamba mafua huwafanyia wengi hivyo, na pua hufundishwa upya kama mtoto anayejifunza kutembea: anuse karafuu, limau, kahawa na mkaratusi, asubuhi na jioni, bila kukata tamaa. Wakwe wakahamishia ushindani wao huko. Mmoja alileta kahawa, mwingine akaleta siki, na kila mmoja alidai chupa yake ndiyo itakayoizibua pua. Mzee alikaa barazani akinusa moja baada ya nyingine, kama karani wa forodha anayekagua mizigo, na hakupata kitu. Wiki zikapita. Akawa mpole kupita kiasi, jambo lililowatisha mabinti kuliko ugonjwa wenyewe.

Alasiri moja mkaangaji alipita moja kwa moja kutoka kazini. Alipoinama kumsalimia, mzee alimkamata ukosi wa shati.

"Ngoja," alisema. "Mafuta ya kwenu yamechoka. Yabadilisheni."

Mkaangaji alianza kujitetea, kisha akaelewa, akamwita mkewe, aliyekuwa ndani, kwa sauti kubwa. Mzee hakuuachia ule ukosi. Alinusa mafuta yaliyoungua kama mtu anayenusa waridi. Halafu akazunguka nyumba nzima, akanusa pazia, rangi ya viatu, mto wa kulalia, na mwisho kitunguu, na alipofuta macho alisema ni kitunguu.

Jumapili wote walikusanyika kusikia hukumu ya kwanza ya haki. Mzee alizila baga zote mbili mpaka mwisho. Kisha akasema moja inanuka mafuta yaliyochoka, nyingine inanuka kitunguu kilichoungua, na zote zimepikwa na watu wenye haraka, wasubiri awaoneshe. Akaingia jikoni, akafunga mlango.

Alitoka na sinia la chipsi za rangi ya dhahabu. Wakwe wakachukua moja moja, wakatafuna, wakatazamana. Pua ilikuwa imerudi, lakini ulimi ulikuwa bado njiani, na mkono uliotia chumvi haukuwa na wa kuuzuia. Msimamizi aliangaza macho kutafuta maji. Mkaangaji alikwisha kuinuka kufuata jagi, na glasi ya kwanza akammiminia mwanyumba wake.

"Nzuri, baba," walisema kwa pamoja.

Mzee aliwakazia macho, mmoja baada ya mwingine. Akachukua chipsi, akaitafuna muda mrefu, na uso wake ukaanza kufunguka polepole.

"Chumvi," alisema kwa furaha, akachukua nyingine.