Simba wa Pili wa Kavata

"Cherehani yako imemmeza kobe," Kavata aliniambia. "Sikiza. Hapa kobe anasema anatafuta maji, na wewe uko krrr juu yake. Hasikiki hata neno."

Nilimwambia kobe wake alipe nusu ya kodi kama ninavyolipa mimi, ndipo nimnyamazie. Niko na sare za shule za kushona, nikasema, na shule haingoji kobe.

"Dakika kidogo tu, Mama Levi."

"Ulisema hivyo ukirekodi sungura."

Alichukua simu yake akaisimamisha ndani ya sufuria, ati sufuria inazuia kelele, akajifunika shuka pamoja na simu na sufuria na kobe, akaendelea kuongea kwa sauti nzito huko chini kama mgonjwa anayefukizwa. Mteja wangu mmoja akaingia, akaona shuka inaongea, akatoka akaenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Hapo tukagombana sawasawa.

Tunagawana kibanda hiki nyuma ya soko la Machakos, mimi upande wa dirisha na yeye upande wa mlango, kwa sababu hakai. Ukimpa chai anakunywa nusu akiwa amesimama, nusu nyingine utaikuta juu ya ukuta wa jirani. Yule kobe alikuwa wa matambara niliyotupa, amejazwa sponji, na Kavata alikuwa anamsukuma na waya akimpiga picha kwa simu, filamu ya watoto. Wiki mbili kabla ya kobe alikuwa akikata madebe ya mafuta ya kupikia kutengeneza ndege. Kabla ya ndege alitunga wimbo wa dawa ya kupe, wa gari la matangazo. Wimbo huo mpaka leo siku ya soko kule Kithyoko watu wanauimba, na hakuna anayejua umetoka kwa nani.

Mabango pia ameandika. Bonface wa bucha alimpa kazi ya kuchora ng'ombe mlangoni, naye akamchora ng'ombe mwenye macho ya mtu aliyeitwa jina lake. Wanawake wakawa wanakuja kununua nusu kilo, wanamwangalia yule ng'ombe, wanaenda kununua maharagwe. Bonface alirudi kumwomba ampunguzie uhai kidogo.

Hina alifundishwa na Zaituni, yule mama wa mtaa wa msikiti anayepamba maharusi. Mkono wake ni mwepesi, Zaituni mwenyewe alikubali. Lakini mkono wa kulia wa bibi harusi ulitoka mizabibu, wa kushoto ukatoka samaki. Zaituni akamwambia kwa upole, "Mwanangu, huyu ana mikono miwili, lakini ni mtu mmoja." Huo ukawa mwisho wa hina.

Hakuna kitu alichokifanya mara mbili. Mimi nilidhani ni kiburi. Halafu nikajua alikotoka.

Kavata ni wa kule Wamunyu, kwa wachongaji. Huko kila mwanaume ana mnyama wake. Kuna mtu wa kifaru, kuna mtu wa ndovu, na baba yake Kavata alikuwa mtu wa twiga. Alichonga twiga mpaka akafa, na mwanawe Mumo akarithi tezo ya kuchongea na twiga wake. Wanaume wanachonga, wanawake na watoto wanapiga msasa na kupaka rangi ya viatu. Kwa hivyo Kavata tangu apate akili alikuwa anasugua twiga. Shingo, goti, masikio, anaweka chini, anachukua mwingine, na huyo mwingine ni yule yule. Alisugua mpaka ncha za vidole zikawa laini kama kijiko, na alipoenda kuchukua kitambulisho karani alimpaka wino mara nyingi akitafuta alama za vidole. Kisha siku moja aliweka msasa chini katikati ya kazi, akapanda gari kuja huku. Hayo alinihadithia akicheka, huku anazunguka zunguka kibandani akitafuta brashi iliyokuwa kwenye nywele zake.

Sasa, kuna ukuta. Ni wa ukumbi mpya wa mikutano, mrefu, mweupe, kando ya barabara, na hauna kitu. Kavata aliutaka ule ukuta kama vile mtu anavyotaka shamba. Alikuwa akipita hapo anapunguza mwendo, na huyu si mtu wa kupunguza mwendo. Mwenyekiti wa kamati ya ukumbi ni Mzee Justus, aliyestaafu kutoka kiwanda cha Athi River akajenga nyumba ya vigae huko Katelembo. Na Mzee Justus alikuwa na geti jipya, na wakwe wanaokuja kuleta mbuzi za mahari ya binti yake.

"Nataka simba wawili wa simiti," alisema, amesimama hapo mlangoni na kofia yake. "Mmoja huku, mmoja huku. Wafanane kama sahani na sahani. Nikiwapenda, mambo ya ukuta tutaongea. Kuna kijana wa Nairobi pia anautaka, lakini wewe ni wetu."

Kavata akasema sawa kabla sijamkanyaga mguu.

Simba wa kwanza alimjenga hapo nje, chini ya bati. Akafunga vyuma, akazungusha waya ya kuku, akabandika simiti, akachonga kwa kisu cha jikoni ikiwa bado mbichi. Alitoka simba ameketi, mguu mmoja mbele, shingo imeinuka kama aliyesikia gari kwa mbali. Asubuhi nilipofungua kibanda nilimsalimia kabla sijakumbuka. Mzee Justus alikuja, akampiga picha, akawatumia watu wake, akaenda akitabasamu.

Kisha simba wa pili.

Asubuhi alianza vizuri. Kufika saa sita simba alikuwa ameangalia nyuma.

"Kwa nini anaangalia nyuma?" nikamuuliza.

"Shingo ilitaka."

"Shingo ni ya simiti, Kavata. Itake nini?"

Akamvunja. Akaanza tena, na huyo akalala. Akamvunja. Simiti ikaisha, akanunua nyingine. Wa tatu alikuwa anajikuna sikio kwa mguu wa nyuma, na sitasema uongo, alikuwa mzuri kuliko yule wa kwanza. Huyo ndiye Mzee Justus alimkuta.

Alimzunguka mara moja. "Huyu ako na viroboto?"

Kavata akafuta kisu kwenye rinda.

"Wakwe wangu wataingia kwa geti waseme nini? Kwamba kwa Justus hata simba anajikuna? Binti yangu ameolewa na watu wa heshima." Akavua kofia, akaivaa tena. "Nakupa mpaka Jumatano ijayo. Kama hakuna wawili wanaofanana, nitaweka nguzo za kawaida, na ukuta nitampa yule kijana. Yeye anachora tai na waridi, lakini tai wake wote ni ndugu."

Alipoondoka, Kavata alichukua kipande cha kadibodi akaanza kuchora mwavuli. Kisha akaacha mwavuli akaenda kuosha brashi ambazo zilikuwa safi. Kisha akahamisha kobe kutoka rafu ya juu kwenda ya chini. Mimi nilikuwa natia vifungo, nikamwangalia mpaka nikachoka.

"Nikikaa kumfanya yule yule," akasema, "mikono inakufa ganzi. Najiona niko pale kwa mti wa nyumbani, na gunia."

"Basi leta mtu ambaye mikono yake haifi. Kaka yako si anafanya hiyo hiyo kila siku?"

"Mumo? Wacha."

"Kwa nini niwache?"

"Hatujaongea tangu nitoke. Kwa mazishi ya baba tulisalimiana kama watu wa benki."

Mimi Mumo ninamjua. Ninamshonea mifuko ya kufungia twiga, analipa vizuri na haongei sana, na mtu wa namna hiyo namba yake siipotezi. Nilingoja Kavata atoke, na huko si kungoja sana, nikampigia.

Alikuja asubuhi iliyofuata. Mtu mpole, mweusi, amebeba tezo kiunoni na gunia begani. Akanisalimia kama mama kwa Kikamba, "Habari ya huku, mwaitu," akaketi kwenye jiwe mbele ya simba wa kwanza. Dada yake alikuwa amesimama kando, mikono kiunoni. Mumo akamwangalia simba. Akaweka viganja juu ya mgongo wake, akafumba macho, akashuka navyo polepole mpaka kwa makucha. Akachukua uzi, akapima kutoka pua mpaka mkia, akafunga fundo.

"Utamwangalia mpaka azae?" Kavata akauliza.

"Huyu ni dume. Hazai." Akafunga fundo lingine. "Wewe rundika simiti. Nyingi. Mimi natoa, siongezi."

"Kwani kuongeza kidogo utakufa?"

"Twiga hatoki kwa kuongeza."

Kavata akacheka bila kutaka. Kisha akauliza swali la mtu mzima: atamlipa nini.

Mumo akafungua gunia. Ndani walikuwa twiga, wametoka kwa tezo hivi sasa, wamejaa makovu. "Ile siku ulitoka tulikuwa na oda ya mtu wa Mombasa," akasema. "Uliacha gunia halijapigwa msasa. Mama alisugua peke yake, hakumaliza, oda ikaenda kwa watu wengine. Sisemi kwa ubaya. Lakini wewe uko na deni la gunia."

"Na hawa ndio wale?"

"Wale niliuza hivyo hivyo, kwa hasara. Hawa ni wengine. Twiga ni twiga."

Kavata aliangalia lile gunia kama mtu anavyoangalia nyoka aliyekufa, ambaye bado hujui kama amekufa kweli. "Sawa," akasema. "Simba kwanza."

Kazi yao sijaona tena kazi kama hiyo. Kavata anarundika simiti kwa haraka, anaimba, anarusha. Mumo anakuja nyuma yake na kisu na uzi, anatoa, anapima, anatoa. Simiti haina subira, ikianza kukauka haikuongezei dakika, kwa hivyo hata yule mpole alikuwa anatoka jasho. Kavata kila mara mkono wake ulielekea kwa shingo kuigeuza kidogo, na kila mara Mumo akaugonga kwa kijiti bila kuinua macho.

"Hapo angependeza akiinamisha kichwa."

"Mwenzake ameinamisha?"

"Hapana."

"Basi."

Nyuma ya sikio la simba wa kwanza kulikuwa na shimo dogo. Kavata aliegemea hapo simiti ikiwa mbichi, kidole gumba kikazama. Mumo alipofika kwa sikio la wa pili, akabonyeza kidole chake mahali pale pale.

"Hilo ni kosa langu," Kavata akasema. "Mimi niliteleza."

"Liko kwa mmoja, liwe kwa mwingine."

Dada yake akayaangalia yale mashimo mawili. Akaenda kulowesha magunia ya kumfunika simba asipasuke, akawa anayanyunyizia maji asubuhi na jioni, kazi moja, siku baada ya siku, na hakuna aliyemkumbusha.

Jumatano Mzee Justus alikuja na pikapu na magodoro mawili ya zamani. Akawazunguka simba. Akasimama katikati, akaangalia huku, akaangalia huku. Akaniuliza mimi, "Mama Levi, yupi ni wa kwanza?"

"Mimi ni fundi wa nguo," nikamwambia.

Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Wakati vijana wa pikapu wanawapakia, akamwambia Kavata aende ofisini Jumatatu achukue ufunguo wa ghala la ukumbi, rangi ziko huko. "Na kwa ukuta sitaki vitu vifanane. Huko fanya wazimu wako wote." Yule simba wa viroboto alibaki hapa nje, watoto wanampanda.

Kavata hakungoja pikapu ifike kwenye kona. Alikuwa ameshachukua kaa la jiko lililozimika, anachora ukuta wa kibanda kutoka mlangoni mpaka kwa cherehani yangu: watu, mvua, sijui ni mto au ni barabara. Nilimwuliza juu ya gunia. Akasema kesho.

Mumo alifika saa nane, amekuja kuchukua gunia lake na mifuko niliyomshonea. Akalifungua. Twiga walikuwa na makovu yao yote.

"Kesho, Mumo," Kavata akasema, akiwa bado anachora. "Nitakuletea mwenyewe. Sasa hivi kichwa kimejaa, nikikaa kitamwagika."

Mumo aliweka gunia chini. Akavuta benchi, akaketi, akaweka mifuko kwenye magoti. Nikasimamisha cherehani, maana kelele yake ilianza kusikika kama mtu anayetoa maoni.

"Unangoja nini?" Kavata akauliza.

"Gari za Wamunyu zipo mpaka jioni."

Kaa likazunguka hewani, likarudi chini. Akaangalia ukuta wake, akaangalia kaka yake, akasema kitu kwa Kikamba ambacho sitakiandika. Kisha akafuta mikono kwenye rinda, akaketi chini sakafuni, akachukua twiga na msasa.

Mara ya kwanza aliinuka kabla hajafika magotini mwa twiga. Mumo akaangalia nje. Kavata akaketi tena. Aliinuka kwa maji, akaketi. Akaanza kumchora twiga mmoja madoa kwa kucha, Mumo akasema, "Msasa tu," naye akasugua madoa yakatoka. Baadaye mikono ikakumbuka njia yenyewe: shingo, goti, masikio, chini, mwingine. Vumbi la mti likamjaa nyusi. Hakuimba, lakini hata hakulalamika, na kwa Kavata hayo ni mambo mawili ambayo sijawahi kuyaona siku moja.

Mumo alikuwa anapokea kila mmoja, anapitisha kidole gumba shingoni, anaweka ndani ya mfuko. Wa mwisho alimrudisha.

"Hapa kwa goti."

Kavata akasugua goti, akampa. Kidole kikapita tena, twiga akaingia kwenye mfuko, mfuko ukaingia kwenye gunia.

"Hudaiwi," Mumo akasema, akaanza kufunga kamba.

Kabla fundo halijakaza, dada yake alikuwa ameshasimama kwa ukuta, kaa mkononi.