Ameazima Picha za Shule

Si kweli kwamba marehemu mume wangu, Mwalimu Jafar, aliiba picha za shule ya Kisima cha Mawe. Si kweli kwamba ziko chini ya kitanda changu hapa Bombolulu, wala kwamba niliwauzia wageni. Maneno haya yalianzia Mwakirunge, shule iliko, yakapitia Utange, na yalipofika mlangoni kwangu yalikuwa yameshaota mikono na miguu. Nimenyamaza miezi minne. Leo naandika.

Jafar alifundisha pale miaka thelathini na miwili. Siku aliyofika palikuwa na banda moja la makuti na watoto kumi na tisa waliokalia mawe ya machimbo. Hakuna aliyemwagiza kuweka kumbukumbu. Alinunua daftari gumu kwa hiari yake, akaandika jina la kila mtoto, la baba, la mama na la mtaa. Wazazi wengi hawakuwa na tarehe, basi aliandika kama walivyomwambia: kazaliwa siku tatu baada ya Idi, mwaka barabara ilipokatika. Baadaye watu wazima walibisha hodi kwetu, wamekataliwa vitambulisho, naye akawafungulia daftari lile na kuwanakilia mstari wao.

Kila mwaka pia alipiga picha moja ya watoto wote kwa kamera yake mwenyewe. Wasio na viatu aliwasimamisha penye nyasi ndefu ili miguu isionekane. Nyuma ya picha aliandika majina kwa penseli, kwa kuwa wino huvuja. Nilimcheka kwa kujisumbua. Akasema, "Watazitaka wakishapata wajukuu."

Mwaka wa 2019 shule ilitimiza miaka hamsini, wakamwomba awape hizo picha na daftari wavionyeshe kwenye sherehe. Kiharusi kilikuwa kimeshampata, mkono wa kulia hautulii. Vikatiwa katika sanduku la bati, likaenda pamoja na kikaratasi cha maelezo. Baada ya sherehe likawekwa stoo. Kisha ikaja korona, shule zikafungwa, na mwaka huohuo Jafar akafariki. Aliniuliza mara mbili kama sanduku limerudi. Nikamwambia litarudi.

Halikurudi. Nyamvula, mpishi wa shule, ambaye yumo katika picha ya mwaka wa themanini na saba, alikuja kunieleza akiwa ameinamisha kichwa. Paa la stoo lilivuja, mchwa wakaingia, na siku ya kusafisha sanduku lilipakiwa kwenye lori pamoja na madawati mabovu, likamwagwa jaani. Jaa lenyewe haliko mbali na shule. Alisema angeniambia mapema, ila ana watoto na kazi ni hiyo moja. Simlaumu. Kumsamehe pia bado.

Mwaka huu wakaja watu wanaokusanya historia ya shule za mashambani. Walitaka madaftari na picha za zamani wazinakili kwa mashine, na ofisi ya zamani ifanywe chumba cha kumbukumbu chenye jina la Jafar mlangoni. Mwalimu mkuu wa sasa, Justus, mgeni aliyetoka bara, akafungua faili, akakuta kile kikaratasi, akakisoma mbele ya mkutano wa wazazi: "Mw. Jafar ameazima picha za shule 32 na daftari la majina." Mkutano ukaguna. Jina likaondolewa kabla halijapakwa rangi.

Nilikwenda ofisini kwake. Nilivaa buibui langu jipya, nikaketi bila kungoja kukaribishwa.

"Mama, mimi nimesoma tu kilichoandikwa," Justus alisema. "Aliazima picha za shule. Basi zirudishwe."

Nikamfahamisha kwamba kwetu kuazima ni kutoa na kuazima ni kupokea, anayesikia hujua kwa mazungumzo. Na picha za shule ni picha zinazoonyesha shule, si mali ya shule. Jafar alikuwa mkopeshaji.

Akakigeuza kikaratasi. Hakuwa na dharau, na hilo liliniudhi zaidi.

"Sawa, Mama. Lakini karatasi haizungumzi. Aliyeandika ndiye anayejua alimaanisha nini." Kisha akatazama zile herufi zilizonyooka. "Mzee alikuwa mgonjwa wakati ule, sivyo? Huu ni mwandiko wake?"

Nilifundisha Kiswahili miaka ishirini na minane. Nimewachapa watoto wa watu kwa sentensi yenye maana mbili. Nikamjibu, "Wa nani tena?" nikachukua mkoba wangu nikaondoka.

Mlango wa kile chumba cha kumbukumbu sasa una jina la mfadhili wa mabati.

Basi na ijulikane, kwa Justus na kwa kila anayenong'ona kisimani: mwandiko ule ni wangu. Jafar alisema, "Andika kwamba nimewaazima picha zangu." Gari lilikuwa linangoja nje, nami nikaandika kwa kifupi. Neno "zake" nililiacha mimi. Yeye hakumchukulia mtu kitu.

Msije kuniuliza kwa nini sikusema siku ile. Sitajibu.