Nilimwita mume wangu marehemu, mpiga picha akaamini

Admin, nifichie jina langu, na hata la kifungua mimba wangu, kwa sababu huku mtaani Munyaka wote huniita mama wa huyo mtoto. Nina miaka thelathini na sita, nimeolewa, tuna watoto watatu, na nauza mboga karibu na steji ya matatu. Mume wangu ni fundi wa mjengo. Nimekuja kwenu kwa sababu haya nikiyasema kanisani, mtaa mzima utakuwa umejua kabla ya sadaka.

Mume wangu alikuwa mlevi. Sisemi mtu wa kuonja Jumamosi, nasema mlevi wa chang'aa, wa kubebwa na kuangushwa mlangoni. Akishalala, hata umwagie maji haamki, ndiyo maana sisi wanawake wenye waume wa aina hiyo tukaanza kuwaita marehemu. "Marehemu wako amefika?" "Amefika, nimemlaza hapo chini." Tulicheka sana na hilo jina. Ukitusikia ungedhani tuna roho mbaya, lakini bila kicheko hicho mimi ningekuwa naokota makopo barabarani.

Mwaka jana akapata kazi Kapsabet, akaenda, akanyamaza huko. Hakupiga simu. Wakati huo ndipo alipokuja msichana mmoja mpiga picha kutoka Nairobi, aliyekuwa akitengeneza hadithi ya picha na sauti kuhusu akina mama wanaolea watoto peke yao. Mwanzoni sikumpenda, nimezoea watu wa kamera wanaopiga picha ya mtaro wetu na kuondoka. Lakini huyu alikaa. Alikuja bila kamera, akanisaidia kuchambua mboga za managu, akala ugali wetu. Nikamfungulia moyo.

Siku ya kurekodi nilikuwa nafua. Akaniuliza maisha yakoje bila baba watoto. Nikasema, na maneno nayakumbuka kwa sababu sasa nimeyasikia mpaka nimechoka: "Tangu marehemu aende, nyumba imetulia. Watoto wanalala. Mungu anisamehe, lakini nimepumzika." Yule msichana akaweka kamera chini, akanishika mkono. Nilidhani ananihurumia kwa mambo ya pombe. Kisha akaona jaketi la kazi la mume wangu kwenye msumari nyuma ya mlango, akauliza kwa upole, "Naweza kupiga hii picha, kama haikuumizi?" Nikamwambia piga tu, hata halijafuliwa. Hakucheka. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, lakini sikushtuka.

Baadaye mume wangu alirudi. Kaka yake alimfuata Kapsabet, akamkalisha kwake Kiplombe, akamshindisha shambani mpaka pombe ikamtoka. Ndugu zangu, alirudi mtu mwingine. Anaamka mapema, anaangalia vitabu vya watoto, anarudi na mkate. Nilianza kumpenda upya, na naona haya kuandika hivyo kwa umri wangu.

Kumbe ile hadithi ilikuwa imetoka mtandaoni. Wenzake wa mjengo ndio waliomwonyesha kwa simu huku wakiangua kicheko: "Aki wewe, ulizikwa na hukutuambia tuchange?" Jaketi lake limejaa simu nzima, na chini pameandikwa mjane wa Munyaka. Kisha inafuata sauti yangu.

Alikuja nyumbani akaweka simu mezani. "Mama watoto, mimi nilikufa lini?"

Nikacheka, kile kicheko cha kujitetea. "Ai, si hiyo ni utani ya wamama tu? Huyo msichana hakuelewa."

"Utani naijua. Nilikuwa naskia mkiniita hivyo, nanyamaza tu." Akarudisha pale pa mwisho, pale pa kupumzika. "Lakini hii si utani. Sauti yako naijua. Niambie tu ukweli, ulikuwa unacheza ama ulikuwa unaomba?"

Nikainuka. Nilijifanya nasikia harufu ya sufuria inayoungua.

Mama mkwe naye, habari zilipomfikia, alipiga simu kutoka Kakamega akilia, anataka kujua nani alimzika mwanawe bila kumwita. Mpiga picha nilipomweleza alilia pia. Ameiondoa hadithi yake, na anataka kuja Jumamosi atupige picha sote pamoja, mume wangu aeleze mwenyewe jinsi alivyoacha pombe. Mume wangu amekubali, ila ameniwekea sharti. "Akuje. Nitaongea yote, hata aibu yangu. Lakini kwanza unijibu. Sitaki kukaa mbele ya kamera nikidanganywa na bibi yangu."

Sasa ukweli ni huu, na sijawahi kumwambia mtu. Haukuwa utani. Kabla hajaenda Kapsabet, alimsukuma mtoto wetu wa mwisho akiwa amelewa, mtoto akaanguka karibu na jiko lenye moto. Nilipiga magoti nikamwomba Mungu amchukue. Si amponye, amchukue. Niliendelea kuomba hivyo. Alipoenda na kunyamaza, nilifikiri nimejibiwa, na nililala usingizi mtamu.

Nikisema nilikuwa natania, atajua nadanganya. Nikisema ukweli, naogopa utamrudisha alikotoka. Siku hizi anarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, na njia hiyo inapita kwa mama pima, muuza chang'aa, mahali alipokuwa akinywea. Jana nilimkumbatia ili nimnuse, na aligundua. Akaniambia, "Sijakunywa. Nangoja jibu."

Jumamosi ndiyo hiyo inakuja. Wanawake wenzangu semeni mnavyoona, lakini nawauliza zaidi wanaume mlioacha pombe. Kama mke unayempenda aliwahi kuomba ufe, ungetaka akuambie?