Asiye na Jina wa Bondeni

Kwii. Ndivyo kilivyolia kifuniko cha kioo kikizungushwa kwenye shingo ya chupa ya kioo. Ilikuwa sauti nyembamba ya kukuna meno, na hata sasa nikiisikia mahali popote, mwili hunisisimka na pua ikanusa spiriti isiyokuwapo.

"Usivute," Sista aliniambia siku ya kwanza. "Ukivuta utavunja. Zungusha, kibembeleze."

Nikakibembeleza. Kikalia kwii, kikafunguka, na humo ndani, wametatizana kama uzi uliochezewa na paka, nikawaona wadudu wenye miguu mirefu kuliko shida zangu zote.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nne, basi, na kazi niliyoiomba pale misheni Njombe ilikuwa kufua. Lakini huyo Sista, mzee aliyekuwa ameacha kufundisha ushonaji, aliitazama mikono yangu ndani ya beseni akasema vidole vile vyembamba visipotee kwenye sabuni, nivipeleke chumbani kwake. Chumba kilikuwa nyuma ya nyumba ya kufulia. Kilikuwa na dirisha moja, na nje ya dirisha, kwa sehemu kubwa ya mwaka, ukungu. Mezani palikuwa na darubini, na chini ya meza kasha la mbao lililotumwa na jumba la makumbusho la huko Ulaya kabla ya vita. Lilijaa chupa za wadudu waliookotwa pande nyingi za Afrika na watu ambao wengine walishakufa. Sista alitakiwa awapange, huyu ukoo huu, yule ukoo ule, na asiyefanana na yeyote apewe jina. Vita vikaja, jumba likaungua kwa mabomu. Sista aliandika barua, hazikujibiwa. Akaendelea kupanga. Nilimwuliza siku moja anampangia nani sasa.

"Wao wenyewe, mwanangu," akasema, wala hakuinua kichwa.

Kwetu Mjimwema, hapo hapo Njombe, tuliwaita buibui, tukawapisha. Sista alinifundisha kwamba si buibui. Buibui ana kiuno, hawa hawana, mwili wao ni punje moja kama kunde. Hawafumi utando, hawana sumu. Macho yao mawili yamekaa juu ya kichuguu kidogo mgongoni, kama walinzi juu ya kilima. Ukimshika mmoja mguu anakuachia mguu huo, yeye akaenda zake, nao unabaki ukitikisika peke yake kana kwamba haujapata habari.

Kazi yangu ilikuwa kumtoa mdudu kwa kibano, kumlaza kwenye kisahani, na kurudisha kila mguu uliokatika kwa mwenyewe. "Mguu peke yake hausemi kitu," Sista alizoea kunionya. Lakini kabla ya yote nilipaswa kupita chupa kwa chupa na kuongeza spiriti pale ilipopungua. Alisema watu hudhani kazi ya makumbusho ni kutoa majina. La, kazi ya kwanza ni kuzuia kukauka. Aliyekauka huvunjika, na aliyevunjika hakuna wa kumrudisha.

Baba yangu, mzee wa kanisa la Kilutheri, hakufurahi mimi kushinda kwa Waroma. Jioni, ugali ukiwa katikati yetu, aliniuliza taratibu leo tumembatiza mdudu yupi, na kama alipata mdhamini. Wadogo zangu walipaliwa kwa kicheko. Hata mimi nilicheka.

Sasa, katika kasha lile Sista alikuwa ameongeza chupa moja yake mwenyewe. Ndani yake walikuwa majike wawili aliowaokota zamani katika msitu mdogo wa bondeni, chini ya misheni. Hawakufanana na yeyote, si kwenye kasha, si kwenye vitabu vyake. Lakini hakuweza kuwapa jina, kwa sababu majike wa wadudu hawa hufanana mno. Dume ndiye mwenye alama, na katika ukoo huo dume ana mataya makubwa yaliyoinuka mbele ya uso kama pembe. Nilimwambia ni kama kanisani kwetu, ukiwatazama wanawake kwa nyuma wote vitambaa vyeupe, hujui yupi mke wa nani. Sista alicheka mpaka akakohoa. Kisha akafunga chupa.

Masika yale mambo mawili yalikuja pamoja. Setla mmoja alipewa bonde ili apande miwati, ile miti ya kuuza magome, na wakata miti wakaanzia juu kuteremka. Na macho ya Sista, yaliyokuwa yakififia muda mrefu, yakaingia utando mweupe kabisa, hivyo wakuu wake wakaamua arudi kwao. Akanieleza bila kulia, akipapasa ukingo wa meza.

"Nikiondoka bila dume, hawa watabaki hivi hivi. Na msitu ukiisha, hata mwenye macho mazuri hatakuwa na pa kutazama."

Basi nikaanza kushuka bondeni kila asubuhi, na sweta langu likilowa kabla sijafika. Nilibinua magogo yaliyooza, nikapekua majani. Wakata miti walinitazama siku kadhaa, kisha mmoja akauliza, "Dada, umepoteza nini humo?"

"Natafuta dume," nikajibu bila kufikiri.

Walicheka hadi mmoja akakaa chini. Tangu siku hiyo nilisalimiwa kwa kuulizwa kama mchumba ameonekana, na yule mrefu akajitolea mwenyewe, akisema miguu anayo. Lakini walikuwa watu wema. Wakiangusha mti hawakugusa magogo ya zamani mpaka niyapekue kwanza. Nami nilijipa moyo kwa ndoto zangu. Niliona droo katika nyumba kubwa ya mbali, ndani yake chupa, ndani ya chupa mtu wetu wa bondeni, na watu wenye miwani wakiinama kumsoma. Lakini kila siku mwanga uliingia zaidi msituni, na penye mwanga ardhi ilikauka, na pakavu wadudu wale hawakai.

Nilimpata kando ya kijito, chini ya gogo lililokuwa limebaki peke yake. Alitembea polepole, pembe zake nyeusi mbele, na kwa ile miguu yake miwili mirefu zaidi akagusa kidole changu, akakigusa tena. Wakati wote nilikuwa nimeomba nimwone. Nilipomwona, nilitamani akimbie. Lakini angekimbilia wapi? Nyuma yangu matawi yalishalundikwa, yakisubiri siku ya jua yachomwe. Nikamshika. Akaniachia mguu mmoja kiganjani, unatikisika. Nilikuwa na vichupa viwili alivyonipa Sista, vyenye spiriti. Yeye nikamtia katika kimoja na kukifunga kabla hajatoroka, mguu nikautia haraka kwenye kingine, nikakifunga hicho katika ncha ya khanga. Alipiga miguu kidogo, akatulia. Nililia pale pale, na wakata miti wakashusha mashoka yao.

Nilipopanda misheni nilikuta chumba kitupu. Lori lilikuwa limempeleka Sista Makambako asubuhi ile, siku kadhaa kabla ya siku iliyopangwa, kwa hofu kwamba mvua ingekata barabara. Masista walikuwa wametuma mtu nyumbani kuniita, nami nilikuwa bondeni.

Nyumbani nilidhani baba angeniambia nitulie. Alikitazama kichupa mkononi mwangu, akanitazama mimi, akavua koti lake akanivika, kisha akatoka kwenda kuzungumza na dereva wa lori la mahindi lililokuwa likielekea Makambako. Hakutaja Waroma.

Usiku ule nililala kwa shangazi yangu, Lyamkena, pale pale Makambako. Asubuhi upepo wa Makambako ulikuwa ukipeperusha vumbi na mvua kwa pamoja. Nilimkuta Sista njia panda, amekaa juu ya sanduku lake akisubiri basi la Iringa, ambalo jana halikufika, kasha liko miguuni. Nikamwita. Akageuza uso, lakini upande usio wangu.

"Nilijua utakuja kuaga," akasema.

Nikamtia kichupa mkononi. Alikipapasa, akaelewa, akakiinua kwenye mwanga. Akakiinua muda mrefu sana. Watu waliokuwa wakisubiri basi walianza kumtazama.

"Nieleze," akasema mwishowe.

Nikamweleza. Kichuguu cha macho kina miiba midogo kwa mbele. Mgongo wa kahawia, na mstari mweupe.

"Pembe zimepinda kwenda wapi?"

"Mbele, Sista, halafu chini. Kama za ng'ombe mzee."

Akafumba macho. Nikamwambia basi sasa aandike jina, hata mimi ningeweza kumwandikia, penseli ninayo.

"Hapana, mwanangu. Jina haliandikwi kwa macho ya kuazima. Huko wataniondolea utando huu. Nitamtazama mwenyewe, ndipo nitaandika." Akafunga kichupa ndani ya leso, akakilaza ndani ya kasha. "Wewe ungemwita nani?"

Katika ndoto zangu nilikuwa nimempa majina mengi ya fahari. Yakanipotea yote. Nikasema aitwe kwa jina la kwao tu, Njombe. Akasema ni jina zuri, litakaa. Basi likaja. Dereva alipopandisha kasha na chupa zikagongana, aliuliza kwa utani kama Sista anasafirisha pombe. Watu wakacheka, na Sista akacheka pamoja nao, huku akinitafuta kwa uso wake pale nisipokuwapo.

Miwati ilikuwa imeshapandwa kwa mistari bondeni siku Mama Mkuu wa misheni alipokuja kwenye nyumba ya kufulia. Alisema tuache kufua kidogo, akatuambia Sista amefariki njiani, melini, hakufika kwao. Tukasali. Baadaye nilimfuata nikamwuliza habari za kasha. Akaniuliza kasha gani. Nilipomweleza alisikitika kweli, akasema labda lilishushwa bandari fulani, labda lilitupwa. Nani angejua ni la nini? Chumba kile sasa wanawekea vitambaa vya ushonaji. Mimi nimerudi kwenye beseni.

Kile kichupa cha pili, cha mguu, nilikikumbuka nilipofika nyumbani kutoka Makambako, bado kimo katika ncha ya khanga. Mganga msaidizi wa zahanati hunigawia spiriti kidogo nikimwomba. Mwanzoni aliuliza kama nainywa.

Juzi, wote wakiwa shambani, nilikitoa nyuma ya vyungu vya mama nikakipeleka penye mwanga wa mlango. Spiriti ilikuwa imeshuka chini ya goti. Nikashika kifuniko, sikuvuta. Nikatia tone kwa tone mpaka mguu wote ukazama, nikafunga, nikafuta kichupa kwa khanga, nikakirudisha mahali pake.