Golikipa Aliyekula Samaki wa Tshangalele

Siku tulizokwenda kwenye ziwa la Tshangalele nazikumbuka, mwanangu, na kila nikizikumbuka hasira hunipanda upya. Usidhani nawakasirikia wavuvi waliotufunga. Najikasirikia mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, kila kitu mjini kwetu Likasi kinaanguka. Nilikuwa kapiteni wa timu ya kiwanda cha Shituru, sisi wafanyakazi wa kiwandani, na mji mzima ulijua hakuna wa kutuweza. Tulipangiwa mechi tatu na wavuvi, Jumapili tatu mfululizo, zote kwao ziwani. Watu walicheka: wavuvi pekupeku wacheze na sisi wenye viatu!

Lakini mishahara ilikuwa imesimama miezi, na mgao wa unga umekatika. Asubuhi ya mechi ya kwanza nyumbani kwangu palikuwa na chai ya rangi tu, nikawaachia watoto. Wenzangu vilevile, ila nani angesema? Mtu wa kiwanda kukiri ana njala ilikuwa aibu kuliko kutembea uchi.

Wavuvi hawakuwa watu wa kumwacha mgeni acheze bila kula. Walitandika mikeka, wakaleta bukari, ule ugali wetu, na samaki, mvuke unapanda. Mama mmoja akatuambia, "Ba papa, mukule kwanza. Mupira haitakimbia."

Nikamjibu kwa majivuno, "Shiye tulishakula kwetu, Mama." Na huku mate yananijaa mdomoni! Wote wakanifuata, isipokuwa golikipa wetu, Kalenga. Yeye alinawa mikono, akakaa, akala akashiba.

Kipindi cha pili miguu ilituishia. Tukafungwa mabao matatu. Jumapili iliyofuata, bukari ileile, kiburi kilekile, tukafungwa manne. Ya tatu sitaki hata kuitaja. Katika zote, aliyekuwa bado na nguvu za kuruka ni Kalenga peke yake.

Tuliporudi mara ya mwisho, mashabiki walikuwa wanatungoja wakitaka jibu. Mmoja akapaza sauti kwamba Kalenga amenunuliwa kwa samaki. Wakanigeukia mimi, kapiteni. Ukweli niliujua, tumbo langu lilikuwa linanguruma palepale. Nikasema, "Alikula kwabo." Maneno mawili tu! Wakampiga, wakamchania jezi, mke wake akiona.

Akainuka akijifuta damu, akanitazama. "Minye nilikula juu nilikuwa na njala. Na weye, kapiteni, asubui ulikula nini?"

Nikageuka nikaenda zangu. Mwoga mkubwa mimi! Hakucheza tena, na kabla mwaka haujaisha akaihamisha familia yake kutoka Likasi.

Sasa nisikilize, maana sitaki uwe mpumbavu kama nilivyokuwa. Ukiwa na njala, sema. Ukikaribishwa chakula, kaa ule, ushukuru. Ukishindwa, jiulize wewe kwanza ulifanya nini, na watu wakimtafuta wa kumtupia lawama huku wewe unajua ukweli, useme hapohapo, hata kama watakupiga wewe. Kesho utakuwa umechelewa.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe moyo ambao mimi siku ile sikuwa nao, na asikuache uzeeke ukiwa na mtu wa kumwomba msamaha ambaye hujui anaishi wapi.