Chupa ya Chini ya Kitanda

Kwa miaka mingi, hata baada ya kupata digrii, nilikana kwamba mkojo ule niliuchota kwenye chupa ya jana.

Enzi za Mwingereza, nikiwa msichana wa shule Temeke, baba aliishi na mpira wa kutolea mkojo. Aliyemhudumia ni mama mdogo, mke wake mpya. Nilimshuku: akinawa mikono mara tatu, mimi nilihesabu moja. Mkojo ulipoanza kuwa na ukungu, shangazi akasema, "Ukikutwa na wadudu, huyu arudi kwao Mtoni."

Daktari alitaka mkojo wa kupima utoke kwenye mpira wenyewe. Binti hamfunui baba yake, na mama mdogo sikutaka kumwomba. Nikamimina uliolala tangu jana yake katika chupa ya chini ya kitanda, ambamo mpira ulimwagia.

Wadudu wakaonekana tele. Daktari alipokuja kubadili mpira na kuchukua mkojo mwingine, alimkuta mama mdogo akifunga mzigo. Kesho yake akanipigia simu shuleni.

"Baba yako hana homa wala maumivu. Mpira ukikaa mwilini haukosi wadudu, na huo peke yake si ugonjwa. Lakini katika mkojo niliochukua mimi ni wachache; wale wengi vile, binti, uliwachota wapi?"

"Kwenye mpira."

"Haya. Mwambie mama yako afungue mzigo."